Mafunzo niliyopata nikinunua nyumba yenye hati ya miaka 33

Nyumba niliyonunua iko Mbezi Beach, upande wa juu wa Barabara ya Bagamoyo. Aliyeniuzia ni mzee mstaafu wa serikali, aliyegawiwa kiwanja mwaka 1994 akajenga polepole kadiri mshahara ulivyoruhusu. Dalali aliponipeleka mara ya kwanza hakutaja vyumba wala kisima. Alisema tu, "Ina hati, dada yangu. Hati safi." Katika soko la nyumba la Dar es Salaam maneno hayo hupandisha bei na kuzima maswali. Kwangu ndipo maswali yalipoanzia. Niliyojifunza ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ardhi.

1. Soma tarehe kabla ya jina

Wengi wetu tukishika hati, macho hukimbilia jina la mmiliki. Mimi ni mhasibu, nimezoea kutafuta tarehe ya mwisho kwenye kila karatasi. Hati ya Mzee ilitolewa kwa miaka 33 kuanzia 1994. Maana yake inakwisha 2027.

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, na Rais ameishika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Anachopewa mtu ni haki ya kuimiliki kwa muda, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99, tena kwa masharti, na kila mwaka huilipia kodi ya pango la ardhi. Si jambo la jana. Sheria ya Waingereza ya 1923 ilikwisha kuitangaza ardhi kuwa ya umma. Vile vipande vichache vya umiliki wa kudumu vilivyobaki tangu enzi za Wajerumani viligeuzwa mwaka 1963 kuwa upangaji wa serikali wa miaka 99, kisha 1969 vikaingizwa katika utaratibu huuhuu. Kwa hiyo kila anayenunua nyumba yenye hati huku Bara ananunua miaka iliyobaki pamoja na masharti yake.

Lililonishangaza ni bei. Nyumba ya jirani, kiwanja cha ukubwa uleule, ilikuwa na hati ya miaka 99 iliyotolewa miaka ya karibuni, na ilitangazwa kwa bei ileile. Soko letu halipigi hesabu ya miaka. Nilipomweleza dalali alicheka: "Dada, nani umewahi kusikia kafukuzwa kwake eti hati imekwisha?" Ana hoja. Mmiliki aliyetimiza masharti huomba kuongezewa muda, na hakuna aliyeniambia ya kufukuzwa. Lakini nenda benki ukaombe mkopo kwa rehani ya hati iliyobakiza miaka michache, uone sura ya ofisa mikopo. Na hati nyingi za miaka 33 zilizotolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990 zinafika ukingoni sasa hivi, kwa hiyo anayetafuta nyumba katika vitongoji vilivyopimwa enzi zile atakutana nazo.

Wakili wangu alinipa njia mbili: ninunue kwanza kisha niombe muda mimi mwenyewe, au Mzee aombe kwanza ndipo tuuziane. Nilichagua ya pili. Ilituchelewesha sana, na dalali aliniona mkorofi.

2. Masharti yanahama pamoja na nyumba

Hati ile iliruhusu makazi tu. Kwenye ukuta wa mbele kulikuwa na fremu tatu: duka la dawa, saluni ya kike na wakala wa pesa za simu. Zilimwingizia Mzee kodi nzuri kila mwezi, na dalali alizihesabu ndani ya bei. "Hapa unanunua nyumba na mtaji," aliniambia.

Ukiomba kuongezewa muda, afisa ardhi huja kukagua. Huangalia jengo limesimama wapi ndani ya kiwanja, linatumika kwa shughuli gani, na kodi ya pango imelipwa mpaka mwaka gani. Ningenunua kwanza, fremu zile zingekuwa ukiukaji wangu mimi, na mwenye kuulizwa ningekuwa mimi, wakati Mzee yuko zake Korogwe, alikosema atahamia, anakula pensheni yake kwa amani.

Kulikuwa na njia ya kuomba kubadili matumizi ya ardhi kuwa makazi na biashara. Ni njia halali, lakini ina ada zake, matangazo yake na kamati ya mipango miji ya kusubiri. Nilikwenda kumwona Mzee jioni, nikamwamkia, tukanywa chai, nikamweka hati mbele yake.

"Mwanangu," alisema, "hizi fremu ndizo zilizowasomesha watoto wangu."

"Najua, Mzee wangu. Ila karatasi inasema makazi. Afisa akija, ataanza na hizi."

Alinyamaza, akavua miwani, akaniuliza kama mimi ni mtumishi wa ofisi ya ardhi. Tulicheka. Mwisho alikubali kuwapa wapangaji notisi na kuziba milango ya upande wa barabara, na mimi nilikubali kulipa gharama ya fundi. Bei nayo ilishuka, maana kile kilichoitwa mtaji hakikuwapo tena. Punguzo hilo lilizidi ada yote niliyomlipa wakili. Muda ulioongezwa ulikuwa miaka 33 mingine, ingawa tuliomba 99.

Deni la pango lilikuwepo pia, la miaka kadhaa na adhabu juu yake. Hilo halikutuumiza kichwa. Tulichukua kumbukumbu namba ya malipo, nikalipa moja kwa moja serikalini, na kiasi kile kikakatwa kwenye fedha yake ya awali. Kumpa muuzaji fedha ili akalipe deni lake mwenyewe ni imani ambayo sina.

3. Upekuzi unaona daftari, hauoni ardhi

Upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati ni miongoni mwa gharama ndogo kabisa katika safari nzima. Unaonyesha jina lililosajiliwa, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna mtu aliyeweka zuio. Fanya kabla ya kutoa hata shilingi ya "kuishika nyumba," kisha urudie karibu na siku ya malipo makubwa, kwa kuwa rehani inaweza kuingia katikati. Wakili wangu aliongeza jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui: baada ya kusaini mkataba, mnunuzi naye ana maslahi katika nyumba, hivyo anaweza kusajili zuio lake ili hati isihamishwe kwenda kwa mwingine wakati taratibu zinaendelea. Tuliliweka.

Daftari la Msajili halikuambii kama ukuta wa jirani umeingia kwako. Kwa hilo nilimlipa mpimaji mwenye leseni aje na ramani ya upimaji atafute bikoni, zile alama za mipaka. Tatu zilionekana. Ya nne ilikuwa imefunikwa na banda la kuku la jirani, na jirani mwenyewe, mama mmoja mcheshi, alitusaidia kuichimbua.

Halafu kuna hifadhi ya barabara. Mwaka 2017 nyumba za pembezoni mwa Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, zilivunjwa kwa sababu zilihesabiwa kuwa ndani ya mita 121.5 kutoka katikati ya barabara. Waliokuwa na alama za X za kubomolewa ukutani hawakuwa wote wavamizi wa jana. Wengine walikuwa wameishi pale miaka mingi na kulipa kodi zao. Nyumba ikiwa karibu na barabara kuu, bonde la mto au njia ya umeme mkubwa, nenda ofisi inayohusika uulize kwa maandishi.

4. Mama naye ni muuzaji

Hati ilikuwa na jina la Mzee peke yake. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi nayo inamlinda mwenza hata kama jina lake halimo. Mawakili wengi humaliza jambo hili kwa karatasi ya ridhaa inayosainiwa mezani pamoja na nyingine zote. Wakili wangu alitaka kuzungumza na Mama pembeni, bila mumewe kuwepo.

Mama alituuliza, "Amewaambia tunakwenda wapi tukishauza?" Mzee alikuwa ametuambia Korogwe. Mama hakuwa na habari ya Korogwe. Yeye alitaka kubaki karibu na wajukuu, Goba. Biashara ilisimama mpaka wenyewe walipoelewana, na sikuona haja ya kuwaharakisha. Alipokuja kusaini, alisaini akiwa anajua anachokisaini. Mahakama zetu zina kesi nyingi za wake ambao hawakuulizwa.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeangalia nyumba moja Sinza, ya mirathi. Hati ilikuwa bado kwa jina la marehemu, na kijana mmoja kati ya ndugu wanne alikuwa na fomu ya usimamizi kutoka mahakama ya mwanzo. Msimamizi anaweza kuuza, lakini lazima kwanza asajiliwe kwenye hati kama msimamizi wa mirathi, ndipo uhamisho wa kwenda kwa mnunuzi ufuate. Nilipoomba kuonana na ndugu wengine watatu, nikaambiwa mmoja "ana maneno mengi." Sikurudi.

5. Kodi ya muuzaji ni tatizo la mnunuzi

Kisheria, kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji: kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida aliyoipata. Tuseme nyumba ilimgharimu mtu milioni 90 kuinunua na kuiendeleza, akaiuza milioni 150. Faida ni milioni 60, kodi milioni 6. Upo msamaha kwa nyumba ambayo mtu ameimiliki na kuishi humo miaka mitatu au zaidi, lakini una kikomo: faida ikizidi milioni 15, msamaha haupo. Wauzaji wengi wamesikia nusu ya kwanza tu.

Tatizo linamwangukia mnunuzi kwa sababu Msajili hasajili uhamisho mpaka Mamlaka ya Mapato (TRA) ithibitishe kwamba kodi imelipwa. Muuzaji akishapokea fedha yote na kuondoka, utabaki na funguo za nyumba isiyo yako kwenye daftari. Na Dar wapo wengi wanaosema, "Mimi nataka hela yangu kamili mkononi, hayo ya kodi ni yako." Si haramu kukubaliana hivyo, mradi mnajua mnapatana kiasi gani. Mimi nilikataa, tukaandika kwamba kodi itakatwa kwenye bei na kulipwa kabla ya malipo ya mwisho.

Mzee hakuwa na risiti. Saruji ya 1996 aliinunua mfuko mmojammoja, mbao alizitoa Buguruni, mabati aliyapata kwa mkopo wa chama cha ushirika cha kazini. Alikuwa na daftari la mistari lenye hesabu zote kwa mkono wake, hadi nauli ya kirikuu cha mchanga. Lilikuwa kumbukumbu nzuri ya ujenzi wa miaka ile, lakini mbele ya ofisa wa kodi halikufika mbali.

Ushuru wa stempu, takriban asilimia 1 ya thamani, kwa desturi ni wa mnunuzi. Hulipwa baada ya kusaini hati ya uhamisho, na kuna muda wa kuulipa kabla adhabu haijaanza.

6. Andika bei iliyolipwa

Dalali alipendekeza mikataba miwili: mmoja wa kweli, wa kwetu, na mwingine wa bei ndogo wa kupeleka TRA. Alisema ndivyo wafanyavyo watu wote. Acha kwamba ni kosa la jinai. Hata kwa hesabu baridi haina maana. Uhamisho unahitaji ripoti ya mthamini aliyesajiliwa, iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, na thamani hiyo ndiyo inayoangaliwa bei ikionekana ya mashaka. Biashara ikiharibika, bei utakayodai katika baraza la ardhi ni ile iliyoandikwa. Na siku utakapouza, bei ndogo uliyoandika itageuka faida kubwa, na asilimia 10 yake itakuwa yako.

7. Muhuri wa mtaa na ile asilimia 10

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa ni mtu muhimu. Anawajua majirani, anajua ugomvi wa mipaka, na barua yake ya utambulisho husaidia. Nilimwendea mapema, nikapata habari za nyumba ile ambazo hazimo katika hati yoyote. Lakini uuzaji wa nyumba yenye hati haukamiliki kwa muhuri wake, na hakuna kifungu cha Sheria ya Ardhi kinachompa asilimia 10 ya bei, ingawa mitaa mingi bado inaidai kana kwamba ni sheria. Niliombwa. Nilijibu kwa adabu kwamba nitalipa ada yoyote yenye risiti ya serikali, na mazungumzo yakaishia hapo. Katika maeneo yasiyopimwa, ambako karatasi ya mauziano ya mtaa ndiyo ushahidi pekee, kukataa si rahisi kama ilivyokuwa kwangu.

Leseni ya makazi nayo si hati. Ni haki ya muda mfupi, isiyozidi miaka mitano kwa mara moja. Ukiambiwa nyumba "ina karatasi za serikali," uliza ni karatasi gani.

8. Wakili wa pande mbili ni wa nani?

Watu hutumia wakili mmoja ili kupunguza gharama. Nilimlipa wangu, Mzee akawa na wake. Ada za mawakili zina jedwali lake katika tangazo la serikali Na. 264 la 2015, lakini kazini watu hupatana. Jambo la kupatana kwa maandishi ni anafanya nini kwa fedha hiyo. Kuna wakili anayeandika mkataba akashuhudia saini, kazi imekwisha. Kuna anayefuatilia uthamini, TRA, kibali na usajili mpaka hati inatoka. Bei zao hazilingani, na malalamiko mengi ninayoyasikia yanatokana na mteja kulipia huduma ya kwanza akitegemea ya pili.

9. Fedha ifuate hatua

Mkataba wa kuuziana ardhi lazima uwe wa maandishi, la sivyo mahakama haitautekeleza. Wetu uligawa malipo kwa matukio, si kwa tarehe. Fungu la kwanza lilitoka tuliposaini, mkataba ukiwa na sharti kwamba hati itaongezwa muda. Fungu la pili lilisubiri muda kuongezwa na fremu kuzibwa. La tatu lilisubiri kibali cha uhamisho. La mwisho, dogo lakini la kutosha kumfanya mtu apokee simu, lilisubiri usajili. Yote yalipita benki. Mzee aliomba sehemu iwe taslimu. Nilimwambia benki ndiye shahidi asiyesahau, naye kwa kuwa alikuwa mtumishi wa zamani wa serikali, hakubisha.

Fomu zenyewe ni tatu zinazotajwa sana: Na. 29 ya taarifa ya uhamisho, Na. 30 ya maombi ya kibali, na Na. 35 ya uhamisho wenyewe. Huambatana na hati halisi, picha, vitambulisho vya NIDA, ripoti ya uthamini, risiti za pango na ridhaa ya mwenza. Tangu 2020 kila mkoa wa Bara una ofisi yake ya ardhi yenye Msajili, kwa hiyo anayenunua Mwanza au Dodoma hana haja ya kumfuata mtu wa Dar. Chunga herufi za majina. Mzee alikuwa na majina mawili kwenye hati na matatu NIDA, ikabidi aape kwa hati ya kiapo kwamba ni mtu yuleyule.

Uhamisho hauna nguvu mpaka usajiliwe. Nilipewa funguo kabla ya hapo, na ndugu zangu walitaka kufanya shughuli ya kufungua nyumba. Niliwaomba wasubiri.

10. Baada ya hati

Akaunti ya pango ibadilishwe jina, la sivyo ankara zitaendelea kumwendea mmiliki wa zamani. Mita za maji na umeme zikaguliwe madeni kabla ya malipo ya mwisho. Kodi ya majengo siku hizi inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla: tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa. Nyumba yenye mita zaidi ya moja inaweza kukatwa zaidi ya mara moja. Yangu ilikuwa na mita ya fremu, ikabidi niombe irekebishwe.

Risiti zote, kuanzia ya mthamini hadi ya fundi aliyeziba milango, zimo kwenye faili moja pamoja na nakala ya mkataba. Fundi alisema hana kitabu cha risiti, nikamnunulia.